Kabla Hujatia Sahihi, Uliza Wakili Ni wa Nani



Kila ninapotoa insha juu ya maisha baada ya shule, zaidi ya nusu ya madaftari yanayorudi mezani pangu huwa na duka ndani yake. Mmoja atauza nguo, mwingine atasaga mahindi, wa tatu atafungua saluni au gereji ya pikipiki. Mtaji hutajwa, wateja hutajwa, hata rangi ya kibao cha mlangoni hutajwa. Sijapata kusoma insha ambamo mwenye duka alikwenda kwa wakili. Siwalaumu, kwa kuwa hata sisi watu wazima hatuna mazoea hayo. Katika mitaa yetu, wakili akionekana ameingia nyumba fulani, majirani huulizana ni nani aliyekamatwa, au ni shamba gani linalogombewa.

Maoni yangu ni kinyume cha mazoea hayo. Biashara, hata ile ya watu wawili na mashine moja, humhitaji wakili kabla ya ugomvi kuzuka, siku ambayo karatasi bado ni nyeupe na kila mtu anatabasamu. Na katika kumchagua wakili huyo, kipimo ninachokitanguliza mbele ya jina, ofisi na suti ni hiki: je, aweza kukueleza karatasi yako kwa lugha unayoimiliki, mpaka nawe uweze kumweleza mwenzio?

Tuanze na neno lenyewe, kama ilivyo desturi yetu darasani. Wakili ni neno lenye asili ya Kiarabu, na lina ndugu mnayemfahamu nyote, yaani wakala, huyo mnayempelekea fedha za simu pale kituoni. Wote wawili wamekabidhiwa jambo la mtu mwingine walitende kwa niaba yake. Kwa hiyo kiini cha neno wakili ni ile amana aliyopewa. Elimu yake huja baadaye. Ndiyo maana Kiswahili sanifu humtenga wakili na mwanasheria. Mwanasheria ni yeyote aliyesoma sheria. Anaweza kuwa mwalimu wa chuo, mtumishi wa wizara au hata mfugaji wa kuku. Wakili ni mwanasheria aliyeandikishwa katika orodha ya mawakili, akaruhusiwa kusimama mahakamani na kuandaa hati za watu wengine kwa malipo.

Hapa kwetu Uganda njia ya kufikia ruhusa hiyo ni ndefu. Mtu husoma shahada ya sheria, kisha aghalabu hupitia stashahada ya Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kile watu wanachokiita LDC, ndipo aandikishwe. Hata baada ya hapo, leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Wakili aliyekuwa halali mwaka juzi si lazima awe halali leo. Wenzetu wa Tanzania wana neno tamu kwa wale wanaofanya kazi hii bila idhini: huwaita vishoka. Kishoka huwa karibu na ofisi za serikali, ana mkoba, ana mhuri, na bei yake ni nusu ya bei ya wengine. Msimchanganye na karani wa wakili, ambaye ni mfanyakazi halali, ingawa naye si wakili.

Pengine utajiuliza leseni ya mtu mwingine inakuhusu nini. Inakuhusu sana. Katika miaka ya 1990 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililomhusu mhadhiri na chuo kikuu chake, ilitamka kwamba nyaraka zilizoandaliwa na wakili asiye na leseni hai ni batili. Hebu litafakari hilo. Mteja amelipa ada, amengoja miezi, kumbe karatasi aliyoitegemea ni sawa na karatasi ya kufungia vitumbua. Mwaka 2002 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mawakili ili kosa la wakili lisimwangukie mteja asiye na hatia. Sasa mteja hupewa nafasi ya kurekebisha mambo. Hata hivyo, kurekebisha kwenyewe huchukua muda na fedha, na biashara changa haina vyote viwili. Kwa hiyo muulize wakili leseni yake ya mwaka huu, au uliza jina lake katika Chama cha Mawakili cha Uganda au katika Baraza la Sheria, ambalo ndilo linalosimamia mienendo ya mawakili. Wakili mwema hatakasirika. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Leseni ni mlango tu, na wengi hudhani kwamba ukiupita umefika. Nitawasimulia jambo lililotokea mjini Masaka, kwa vijana watatu waliowahi kusoma hapa shuleni. Walichanga fedha wakanunua mashine ya kuchapa na ya kurudufu, wakapata chumba kizuri karibu na barabara kuu, kodi ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwenye jengo, mzee mpole, akawaambia: “Wanangu, msihangaike kutafuta wakili, ninaye wangu, ataandika mkataba wetu sote, na ada nitalipa mimi.” Vijana wakashukuru. Mkataba ukaandikwa kwa Kiingereza, kurasa saba. Walipewa wausome, nao wakausoma kwa namna ambayo watu husoma kurasa saba huku mwenye jengo akiwa ameketi mbele yao na soda zimekwisha kufunguliwa.

Wakatia sahihi. Kisha wakatumia zaidi ya shilingi milioni 4 kukitengeneza chumba: dari mpya, nyaya za umeme zenye uwezo wa kubeba mashine, kaunta iliyojengwa ukutani, vigae sakafuni. Mwezi wa nane wakapokea barua ya kuwataka wahame ndani ya siku thelathini. Alikuwa amepatikana mpangaji mwingine, mwenye duka la dawa, aliyekipenda chumba kwa sababu ya vigae vilevile. Ukurasa wa nne wa mkataba ulisema kwamba mwenye jengo anaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja bila kutoa sababu. Ukurasa wa tano ulisema kwamba lolote litakalofungamanishwa na jengo litakuwa mali ya mwenye jengo, bila fidia.

Wengi waliposikia habari hii walimtukana yule wakili. Mimi sikuungana nao, na ninaomba nanyi msifanye haraka. Wakili yule hakuiba wala hakudanganya. Aliajiriwa na mwenye jengo, akamwandikia mwenye jengo mkataba mzuri wa mwenye jengo. Alitimiza amana aliyokabidhiwa. Ila vijana watatu walikaa katika ofisi yake wakidhani nao ni wenye amana, ilhali walikuwa upande wa pili wa meza. Neno “wetu sote” ndilo lililowaponza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili yeyote unayeonyeshwa na mtu mwingine ni hili: katika jambo hili, wewe ni wakili wa nani? Mlipaji wa ada aghalabu ndiye mwenye wakili. Kanuni za mwenendo wa mawakili wenyewe zinautambua mgongano huu wa maslahi na zinawazuia kuingia humo. Mshika mawili, walisema wahenga, moja humponyoka; na linapomponyoka wakili, aghalabu huwa ni lako wewe mdogo. Katika miji midogo hatari hii ni kubwa kuliko Kampala, kwa sababu mawakili ni wachache na kila mmoja amekwisha kumhudumia kila tajiri. Si aibu kupanda basi kwenda mji wa pili kumtafuta wakili asiyemjua mwenye jengo lako. Nauli hiyo ihesabu katika mtaji.

Sasa nirudi katika kipimo changu cha lugha, maana najua wako watakaosema: “Mwalimu wa Kiswahili, bila shaka, kila jambo kwake ni lugha.” Huenda. Lakini sheria ya nchi imenitangulia. Tuna sheria ya zamani sana, tangu enzi za ukoloni, ya kuwalinda wasiojua kusoma. Ukiisoma utashangaa jinsi inavyomweleza mtu asiyejua kusoma: ni yule asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati husika imeandikwa. Litazameni vizuri neno hilo, lugha. Sheikh aliyesoma vitabu mia vya Kiarabu, mshairi wa Kiswahili, mzee mwenye Luganda lililonyooka, wote hao mbele ya hati ya Kiingereza wasiyoielewa wanaingia katika ulinzi huo. Na anayemwandikia mtu kama huyo hati anapaswa kumsomea na kumfafanulia, kisha aandike juu ya hati hiyo jina lake kamili na anwani yake, ijulikane kwamba yeye ndiye mwandishi. Hati zisizofuata utaratibu huo zimewahi kutupwa na mahakama.

Basi kama sheria inamtaka mwandishi wa hati afafanue, kwa nini wewe uone haya kudai ufafanuzi? Nami naongeza kwamba ulinzi huu haupasi kuishia kwa wasiojua Kiingereza kabisa. Wale vijana wa Masaka walikuwa na vyeti vya kidato cha sita. Walijua maneno, hawakujua maneno yale yanafanya nini yakikaa pamoja.

Mnakumbuka namna tunavyofanya zoezi la ufahamu. Hatusemi umeelewa kifungu mpaka ufunge kitabu ukieleze kwa maneno yako mwenyewe. Lifanye zoezi hilo katika ofisi ya wakili. Mpe mkataba, mwombe akueleze kifungu kimoja kigumu kwa Luganda, Runyankore, Lusoga au Kiswahili, kisha umwambie: “Sasa nisikilize mimi, nione kama nimekushika.” Mtazame wakati wewe unaeleza. Yuko atakayetazama saa. Yuko atakayesema, “Usijali, hayo ni mambo ya kawaida, tia sahihi tu.” Na yuko atakayekukatiza katikati akasema, “Hapana, hapo hukunielewa, turudie.” Huyo wa tatu ndiye ninayewashauri mumlipe.

Nitatoa mfano mmoja wa kifungu ambacho hakiwezi kuachwa gizani. Watu wengi husajili kampuni kwa sababu wamesikia, na ni kweli, kwamba kampuni yenye dhima yenye kikomo ni nafsi peke yake mbele ya sheria: deni la kampuni si deni la mwenye kampuni, na nyumba yake haiguswi. Tangu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 hata mtu mmoja anaweza kuwa na kampuni yake. Vizuri. Kisha mtu huyo anakwenda kukopa. Mkopeshaji anampa karatasi mbili, moja ya mkopo wa kampuni na nyingine nyembamba, ambamo yeye mwenyewe anakuwa mdhamini. Akitia sahihi karatasi ile nyembamba, ukuta alioujenga kwa kusajili kampuni ameutoboa kwa mkono wake. Kampuni ikishindwa kulipa, ataulizwa yeye. Kama ameweka na hati ya shamba la familia, hapo imeingia rehani juu ya udhamini. Dhamana, udhamini, rehani: katika mazungumzo tunayachanganya maneno haya kama mchele na mchanga, lakini kila moja hufungua mlango tofauti wa kupoteza mali. Wakili asiyeweza kuyatenganisha kwa lugha ya nyumbani kwako, mimi nina shaka kama ameyatenganisha kichwani mwake.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, mahakama zetu huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kufafanua kwa lugha nyingine ni kupoteza maana. Sikubaliani nao. Simtaki wakili aandike mkataba kwa Lusoga. Aandike kwa lugha ya mahakama, na aieleze kwa lugha ya mwenye mali. Daktari huandika dawa kwa majina ya kigeni, na bado hukwambia umeze mara ngapi.

Kuhusu umaarufu sitasema mengi. Wakili tunayemwona kwenye televisheni akitoka mahakamani na umati nyuma yake huenda ni hodari kweli katika kesi za jinai au za uchaguzi. Biashara ndogo inahitaji mtu wa aina nyingine: anayejua kodi, ajira, ubia, usajili, na mikataba ya pango. Mwulize ameandaa mikataba ya biashara kama yako mara ngapi. Kama mnaanzisha ubia, akueleze wazi kwamba mbia mmoja akikopa kwa jina la biashara, wabia wote wanaweza kudaiwa. Kama halitaji hilo mpaka umuulize, endelea kutafuta.

Fedha nazo zisemwe siku ya kwanza, na zisemwe kwa maandishi. Uliza ada ni ya kazi nzima au ya kila barua, na kama inajumuisha gharama za usajili na ushuru wa stempu. Wakili aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ataongeza asilimia 18 juu ya ada. Afadhali ulijue hilo kabla ya ankara kufika. Fedha unazompa azishike kwa ajili yako, kwa mfano za kununulia kiwanja, zinapaswa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake. Dai risiti. Na wakili akikwambia usilipe kitu, mtagawana mtakachoshinda, ujue kwamba kanuni za mawakili wa Uganda hazimruhusu kugawana nawe mapato ya kesi.

Maandishi hayo si ya wakili tu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote ambao thamani yake inazidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Fikirieni ni biashara ngapi mtaani kwenu zinavuka kiasi hicho kila wiki kwa kupeana mikono tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga hawakuwa na haja ya Bunge kulijua hilo.

Sisemi kwamba kila jambo ni la wakili. Jina la biashara unaweza kulisajili mwenyewe katika ofisi ya usajili ya URSB. Na mteja akikudai, au wewe ukimdai, kiasi kisichozidi shilingi milioni 10, upo utaratibu wa madai madogo uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambamo mdai na mdaiwa hujieleza wenyewe mbele ya hakimu, wala mawakili hawaruhusiwi kuwasemea. Wakili mwaminifu atakuelekeza huko badala ya kukutoza ada ya kesi. Hicho nacho ni kipimo.

Kuna jambo moja zaidi kwa ninyi mnaosoma Kiswahili na kunung'unika kwamba hakina kazi. Wafanyabiashara wengi wa kusini mwa nchi yetu hununua nafaka ng'ambo ya Mutukula, katika mkoa wa Kagera. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba mkataba wako wa maharagwe na muuzaji wa Bukoba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ukizuka ugomvi, kusikilizwa kwa Kiswahili. Wakili wako wa Masaka hana ruhusa ya moja kwa moja ya kusimama katika mahakama za kule. Utahitaji wakili wa Tanzania, na hali ya leseni yake unaweza kuitazama katika mfumo wa mtandaoni wa Mahakama ya Tanzania uitwao e-Wakili. Muulize pia, kabla ya sahihi, mkataba unafuata sheria ya nchi gani, na shauri litafunguliwa upande gani wa mpaka. Muulize kwa Kiswahili, na msome vifungu pamoja. Kwa mara moja hutahitaji mkalimani.

Hatimaye, kumchagua wakili si kufunga naye ndoa. Ukiona hajibu simu, hatoi risiti, au umemkuta anamhudumia hasimu wako, una haki ya kumwacha na kutafuta mwingine. Mwandikie barua, weka nakala. Akiwa bado anakudai ada anaweza kulishikilia jalada lako mpaka alipwe, kwa hiyo maliza deni kwanza, chukua risiti, kisha uombe jalada lote pamoja na hati halisi ulizompa. Akikataa bila sababu, malalamiko hupelekwa katika Baraza la Sheria, Kampala.